Darasa la ubatizo kwa watu wa mwaloni: namna ninavyoliendesha

Mimi ni shemasi katika kanisa la Waadventista Wasabato huku Majita, mkoani Mara, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na zamu yangu ni darasa la ubatizo la watu wa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotua. Namwandikia shemasi mwenzangu, mzee wa kanisa au kiongozi wa kundi aliyekabidhiwa watu baada ya efoti, yaani mikutano ya kuhubiri Injili. Mhubiri mgeni ameshaondoka na vipaza sauti vyake, majina yamebaki kwenye daftari la karani, na wenye majina hayo kila wakikutana nawe njiani wanakuuliza: "Mama, maji ni lini?"

Mimi huwajibu kwamba ziwa halikauki, kwanza tusome Marko. Wapo wanaonuna. Wengine hunijibu kwa Maandiko, wakisema yule towashi wa Kushi alibatizwa siku ile ile aliyohubiriwa. Nawaambia tufungue Matendo 8 tusome wote. Filipo alipomkaribia yule mtu alimsikia akisoma kitabu cha nabii Isaya. Alikuwa anatoka Yerusalemu kuabudu, kitabu kiko mkononi, na swali liko tayari mdomoni: nabii anasema habari za nani? Mtu wa namna hiyo hata mimi nisingemchelewesha. Anayenipa hofu ni yule aliyeinua mkono kwa sababu kwaya iliimba vizuri na jirani yake naye aliinua.

Hata wale waliotutangulia hawakukimbilia maji. Wamisionari wa kanisa letu walifika Gendia, karibu na Kendu Bay upande wa Kenya wa ziwa hili hili, mwaka 1906, na waongofu wao wa kwanza walibatizwa 1911. Sisemi mtu asubiri miaka. Miezi kadhaa ya kusoma pamoja inatosha, ila iwe ya kusoma kweli.

Panga ratiba kwa mwezi wa angani

Darasa la kila Jumatano jioni linafaa mjini. Huku kwetu litakufa. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, maana dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wanaume wako nyumbani wakishona nyavu, na hizo ndizo siku zangu za kukusanyika nao karibu kila jioni. Giza likirudi nawaacha wafanye kazi, nakutana nao Sabato mchana tu.

Wanawake wana saa zao. Asubuhi wanapokea dagaa na kuanika, kisha wanageuza. Kuanzia saa nane wanapata nafasi. Wingu likitanda katikati ya somo, funga Biblia, nanyi nyote mkimbilie kuanua. Dagaa wakinyeshewa wameharibika, na ada ya shule imekwenda nao. Mwalimu anayemzuia mama wa watu kwenye benchi saa hiyo hatamwona tena, naye mama atakuwa na haki.

Wasizidi kumi kwa kikao. Wakiwa wengi, wanaojua wanasema na wengine wanaitikia amina.

Kila mtu asome kwa mdomo wake

Ninaanza na Injili ya Marko kwa sababu ni fupi, sura 16, na kwa sababu mtu anayekwenda kubatizwa kwa jina la Yesu lazima amjue Yesu kwanza. Wahubiri wengi wa efoti huanza na sanamu ya Danieli 2 na wanyama wa Danieli 7. Mafundisho hayo nayapenda na ninayafundisha, lakini baada ya Marko. Nimeona watu wanaoweza kukutajia falme nne kwa mpangilio, halafu ukiwauliza Yesu alimwambia nini yule mwenye kupooza aliyeteremshwa darini, wanaangalia chini.

Sura moja kwa kikao, kila mtu aya chache, kwa sauti, tukizunguka. Anayesita simsahihishi mbele ya wenzake, namsubiri. Biblia ya Union ya 1952 ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, na mwenye tafsiri ya Habari Njema asome hiyo hiyo tulinganishe. Sura ikiisha natoa maswali mawili tu: Yesu amefanya nini hapa? Na wewe hapa ungesimama upande wa nani? Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa mwalimu, lakini hapo ndipo maswali yao yanapotoka. Tukisoma sura ya 1, Simoni na Andrea wameacha nyavu zao, kuna kijana aliuliza, "Sasa nani alikuwa analisha nyumbani?" Tukashuka chini kidogo, tukamkuta mkwewe Simoni amelala na homa, Yesu anamwinua, naye anawatumikia. Basi Simoni alikuwa na nyumba, ana mke, ana mkwe, na Yesu aliingia humo humo ndani. Swali la kijana lilitupa somo ambalo mimi sikuwa nimeliandaa, na wavuvi walilishika kuliko langu.

Sura ya 4, dhoruba ziwani, usiifundishe wewe. Waachie wao. Wanajua upepo wa usiku, wanajua kukomba maji mtumbwini huku umeona taa za nyumbani kwa mbali. Wewe sikiliza.

Asiyejua kusoma naye ana njia yake. Namkalisha na mjukuu au mtoto wa shule anayemsomea, au Biblia ya kusikiliza iliyo kwenye simu, kisha yeye ndiye anayetusimulia habari ile kwa Kijita, kwa maneno yake. Kama anaisimulia vema, ameisoma. Tuna bibi mmoja ambaye hajui herufi hata moja, na masimulizi yake ya yule mwanamke aliyegusa vazi la Yesu yalitufanya tukae kimya wote.

Baada ya Marko tunasoma Warumi 6, ambapo Paulo anasema tumezikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo, halafu Mathayo 28, Matendo 2, Kutoka 20, ndipo tunaingia kwenye imani za msingi za kanisa letu. Ziko 28, zilipopitishwa mwaka 1980 zilikuwa 27, na moja ikaongezwa 2005. Zipitie zote, zile za hali ya wafu na hukumu uzipe muda wa kutosha, lakini usimlazimishe mtu kuzikariri. Mwambie akuonyeshe aya ndani ya Biblia.

Wengi wanaokuja kwetu walinyunyiziwa maji wakiwa wachanga katika makanisa ya wazazi wao, na wanauliza kama watakuwa wanabatizwa mara ya pili. Soma nao Matendo 19, wale wanafunzi wa Efeso. Eleza tunavyoamini, kwamba mtu huamini kwanza ndipo hubatizwa, tena kwa kuzamishwa. Ila kanisa la mama yake usilitukane hata kwa tabasamu. Mama yule ndiye aliyemfundisha kupiga magoti. Na mtoto ambaye wazazi wake si waumini wetu habatizwi bila wazazi kukubali; nenda nyumbani kwao, usitume mtoto.

Mambo ya nyumbani na ya kazi

Hapa ndipo watu wanapokwama, na mwalimu mvivu huwapa aya tu. Chukua Sabato, tangu Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Mvuvi anakubali amri ya nne kwa moyo wote, lakini mtumbwi si wake, nyavu si zake, taa si zake. Ni za tajiri. Ijumaa jua likizama tajiri anataka watu wote mtumbwini. Kumwambia kijana huyo "mtegemee Mungu" na kumwacha aende peke yake ni kumtelekeza.

Mimi huenda pamoja naye na mzee wa kanisa kumwona tajiri, mchana, mtumbwi ukiwa nchi kavu. Tunasalimia, "Shikamoo mzee," tunakaa, tunaeleza kwa utaratibu. Hesabu yenyewe haitishi kama inavyosikika. Jumamosi jua likishazama kijana yuko huru kuingia ziwani. Mbalamwezi hakuna anayevua. Kwa hiyo Ijumaa zinazogusa kazi ni mbili au tatu kwa mwezi, na kijana analeta mwenyewe mtu wa kushika kasia lake usiku huo, mgao wa usiku huo ukiwa wa aliyemshikia. Matajiri wengi hukubali, hasa wakishaona kwamba kijana huyu hanywi tena na haibi dagaa njiani. Asiyekubali, kanisa linatafuta mtumbwi mwingine mapema, kabla ya siku ya maji. Fanyeni hivyo kwa vitendo.

Jambo la pili ni ndoa. Watu wameishi pamoja, wana watoto, mahari imebaki nusu, ndoa haijafungwa. Kanisa letu linataka ndoa ifungwe kabla ya ubatizo, na mimi nakubaliana nalo, lakini lianze mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na wazee wa ukoo wana siku zao pia. Ukigundua jambo hili wiki ya mwisho utamvunja mtu moyo bure. Zungumza na wazazi wa upande wa mke, mara nyingi wanataka kuheshimiwa kuliko wanavyotaka ng'ombe aliyebaki. Na waambie wenye ndoa kwamba sherehe si lazima: mchungaji, mashahidi, wali kidogo na samaki. Nimeona watu wakiahirisha ndoa, na ubatizo pamoja nayo, kwa kusubiri fedha za keki.

Mwanaume mwenye wake wawili au mke wa pili anayetaka kubatizwa, usimjibu darasani. Mpeleke kwa mchungaji wa mtaa, faraghani. Usithubutu kumwambia mama wa watoto atoke nyumbani kwake wakati hujui atalala wapi wala atalisha nini watoto.

Pombe na tumbaku: mtu aache kabla, na apate mtu wa kuwa naye jioni, saa ambazo alizoea kwenda kilabuni.

Kuchagua maji

Yohana alibatiza Ainoni kwa sababu palikuwa na maji tele, ndivyo tunavyosoma Yohana 3. Huku kwetu maji tele si shida. Shida ni kilichomo ndani yake.

Kichocho kwanza. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani, na hupenya ngozini mtu akiwa ndani ya maji. Kwa hiyo usibatize kwenye matete wala kwenye magugu maji, hata kama kivuli chake kinavutia. Tafuta ufukwe wa mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi. Saa nazo zina maana: vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, katikati ya mchana, na huo ndio wakati ambao makanisa mengi hushuka majini baada ya hubiri. Sisi tulilipeleka jambo hili kwenye baraza la kanisa, tukahamisha ubatizo uwe asubuhi, kabla ya Shule ya Sabato. Asubuhi ziwa nalo limetulia, upepo haujaanza. Hatari inapungua, haiishi. Mchungaji anayesimama majini mara kwa mara aende kituo cha afya apimwe, dawa ya kichocho ipo.

Lakini usiwahi mno. Viboko hurudi majini alfajiri kutoka malishoni, na njia zao zinajulikana. Jua liwe limetoka vizuri. Mamba naye yupo sehemu nyingi za ziwa hili. Waulize wavuvi wanaotumia ufukwe huo, wala usitosheke na jibu la mtu mmoja. Mahali ambapo wenyeji hawaogi wala hawateki maji, pana sababu yake.

Mwalo wenyewe haufai, una mitumbwi, mafuta ya injini, ndoano na vioo. Nenda pembeni. Siku moja kabla, shemasi wa kiume wawili waingie na mti wa kupimia. Maji yamfike mchungaji kiunoni au juu kidogo, chini ya kifua, na wasipime hapo tu, wapime njia nzima ya kwenda na kurudi, maana chini ya ziwa hubadilika ghafla. Wachomeke miti miwili kuonyesha mwisho. Wanaoingia wavae ndala za kufunga.

Kanisa lenye kisima cha ubatizo kilichojengwa lina raha yake. Mkikijaza kwa maji ya ziwa, yajazeni siku mbili kabla, mkichuja kwa kitambaa konokono wasiingie. Vimelea vya kichocho havidumu muda huo bila konokono.

Kuandaa watu, mmoja mmoja

Wiki ya mwisho tunafanya zoezi nchi kavu, ndani ya kanisa. Mzee anasimama mahali pa mchungaji. Mbatizwa anasimama ubavu kwake, mikono imekunjwa kifuani na leso mkononi. Mkono mmoja wa mchungaji unashika mikono hiyo, mwingine unakaa nyuma ya shingo. Mchungaji akiinua mkono na kutaja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, hapo vuta pumzi, leso puani, kunja magoti, jilegeze kama mtoto anayewekwa kitandani. Wanaokaza mgongo ndio wanaohangaika, na hao mara nyingi ni wavuvi, maana mwili wao umezoea kupambana na maji. Warudie zoezi hadi wazoee kuegemea.

Kisha nakutana na kila mmoja peke yake, wanawake mimi, wanaume shemasi mwenzangu. Maswali haya hayaulizwi hadharani. Una kifafa? Una pumu? Una ujauzito? Unaogopa maji? Mwenye kifafa hazuiliwi, ila majini wawe watu wawili wa kumshika na aingie wa kwanza, asisubiri juani. Dada aliye katika siku zake namwambia kwamba akitaka kusubiri ubatizo unaofuata hakuna atakayemuuliza sababu, na hilo libaki kati yetu wawili. Ulemavu wa miguu hauzuii kitu. Tunambeba kwenye kiti hadi majini.

Nguo za ubatizo ziwe za kitambaa kizito cha rangi ya kiza, ndefu hadi kifundoni. Nguo nyepesi huelea na kumfunua mtu. Sisi tumeshona ndani ya pindo vipande vidogo vya risasi, vile vinavyofungwa chini ya nyavu. Ndani yake mwanamke avae nguo kamili, si sketi peke yake. Ufukweni wasimame shemasi wa kike wawili wameshika kanga zilizofunguliwa tayari, wamfunike anayetoka kabla hajapiga hatua ya tatu, na turubai la kubadilishia liwe karibu, limezungushwa pande zote.

Simu zimeleta tatizo lake. Kila mtu anataka picha, na picha ya dada aliyelowa inafika Musoma kabla yeye hajakauka. Teueni mpiga picha mmoja, apige kabla ya maji na baada ya kuvaa. Wengine wote simu mfukoni, na mzee alitangaze hilo kwa sauti.

Majina. Karani aandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, si kama alivyoyasikia. Na usimlazimishe mtu kuchukua jina jipya la kizungu. Jina alilopewa na babu yake linaandikwa kwenye cheti cha ubatizo bila shida yoyote.

Ahadi za ubatizo wazijue kabla. Msomee kila mmoja darasani, polepole, aulize. Zisiwe kitu anachokisikia mara ya kwanza amesimama mbele ya kanisa, akiitikia ndiyo kwa woga.

Baada ya maji

Darasa halifungwi siku ya ubatizo. Jumatatu inayofuata, au mbalamwezi ya kwanza, tunaendelea na Matendo ya Mitume, sura 28, watu wale wale, benchi lile lile. Makanisa mengi huwapoteza watu hapa: jana wote walikuwa wanakukumbatia na kukupa mkono wa ushirika, leo hakuna anayejua kama umekula.

Kila aliyebatizwa namkabidhi kwa mlezi kutoka kanisani, wa jinsia yake na wa jirani yake, ambaye si ndugu yake. Kazi ya mlezi ni kukaa naye kanisani, kupita kwake katikati ya wiki, na kumweleza mambo ambayo sisi wakongwe tunadhani kila mtu anayajua: bahasha ya zaka inajazwaje, lesoni, yaani somo la Shule ya Sabato, inasomwaje, na kwamba kabla ya meza ya Bwana tunatawadhana miguu. Hilo la miguu lielezwe mapema sana. Mzee wa watu anayeinamiwa na kijana kuoshwa miguu bila kujua kinachoendelea anaweza kuona ameaibishwa. Akishasoma Yohana 13 kabla, analia kwa furaha.

Mpe kazi ndani ya mwezi wa kwanza. Kufagia, kupanga viti, kupokea wageni mlangoni, kumsomea yule bibi wa darasa linalofuata.

Asipoonekana Sabato mbili, usimtume mtoto kuuliza, nenda mwenyewe. Mara nyingi ni ugonjwa au msiba. Mara nyingine wavuvi wamehama kufuata dagaa, wako kambi nyingine, huenda Ukerewe, huenda kisiwa kingine kabisa. Hapo tafuta mzee wa kanisa lililo karibu na kambi ile, mpigie simu, mtajie jina la kijana na la mtumbwi wake, amwendee wiki hiyo hiyo. Akiona kijana ana nia ya kukaa huko, karani wao aandike kwa karani wenu kuomba barua ya uhamisho, na karani wenu asiikalie. Hadi barua hiyo ipitishwe, jina lake bado liko kwenu, na mlezi wake anaendelea kumpigia simu kila Ijumaa mchana, kabla ya jua kuzama.